Mwezi wa Studio Unaisha Saa Kumi

Kijiwe chetu kipo ubavuni mwa studio ya Bilali, hapa Ruangwa mjini, kwenye njia ya kwendea stendi. Kuna benchi refu la mninga ambalo mguu wake mmoja ni tofali, kuna jiko la Tomasi muuza kahawa, na kuna mimi, fundi viatu, ambaye watu wote wananiita Soli, hata mke wangu. Benchi lenyewe halijulikani ni la nani. Wanaolikalia ndio wanajulikana. Wa kwanza ni Mzee Abdalah, tunayemwita Katibu kwa sababu aliwahi kuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima kwa msimu mmoja, miaka kumi na tisa iliyopita, na moyoni mwake hajakabidhi ofisi mpaka leo. Wa pili ni Rahimu wa bodaboda, tunayemwita Bando, maana simu yake haikosi bando hata siku pikipiki yake inapokosa mafuta. Bilali mwenyewe hutoka nje akichoka kutazama kioo cha kompyuta. Siku ninayoisimulia alitoka saa nane mchana, akakaa mwisho wa benchi, akaweka simu juu ya paja, na hakumsalimia mtu.

Tomasi alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

Tomasi: Zimebaki saa ngapi?

Bilali: Mbili, mjomba. Saa kumi kamili inajifunga.

Tomasi si mjomba wake. Tomasi ni Mmakonde wa Mtua, Bilali ni Mmwera wa hapa hapa. Alianza kumwita mjomba miaka mitatu iliyopita, ghafla tu, na sisi hapa kijiweni tuliona, tukacheka, tukanyamaza.

Inabidi nieleze kuhusu kujifunga. Programu anayotumia Bilali kutengenezea muziki haiuzwi, inakodishwa. Unalipia kwa simu, inafunguka siku thelathini, zikiisha inajifunga yenyewe, na chochote ulichokuwa unakitengeneza kinabaki humo ndani, jina lake unaliona lakini ukikigusa hakifunguki. Kulipia mwezi hadi mwezi Bilali hawezi, kwa sababu watu wa huku hukumbuka kuimba wakati ufuta umeuzwa. Kwa hiyo hulipia mwezi mmoja tu kwa mwaka, na mwezi huo wilaya nzima inaimba. Kwaya zinakuja kutoka Chinongwe na majoho kwenye viroba, vijana wa singeli wanatoka Nachingwea, kina mama wanaleta kaswida, na bwana harusi wa Oktoba anarekodi wimbo wa harusi yake Julai. Tunauita Mwezi wa Studio. Miezi kumi na moja iliyobaki Bilali anapiga picha za pasipoti na kuingiza nyimbo za watu wa Dar kwenye flashi za watu wa Ruangwa.

Mwaka huu kampuni ikamtumia ujumbe. Kulipia kwa mwezi kumefutwa, kuanzia sasa ni mwaka mzima au basi. Na mwaka mzima Bilali haumudu, hata ufuta ungeota juu ya bati. Kwa hiyo Mwezi wa Studio uliokuwa unaisha siku ile ulikuwa wa mwisho, na sote tulilijua hilo, na badala ya kumpa mtu pole tukaanza kubishana.

Katibu: Mimi nilisema tangu mwanzo. Kitu cha kukodi si kitu. Ungenunua chako.

Bilali: Nilinunua, Mzee Katibu. Si unaijua?

Katibu: Ile ya kwenye kasha.

Bilali: Ile ile.

Kasha hilo limetundikwa kwenye msumari ndani ya studio mpaka leo. La kijani, lina sidii moja ndani na namba ndefu nyuma. Alilinunua kwa ufuta wa kwanza aliopewa na mama yake, na kwa miaka kadhaa programu ile ilifanya kazi bila kumuuliza mtu. Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukaiunguza kompyuta ya zamani. Kompyuta mpya haina pa kuingizia sidii. Akatafuta kifaa cha kusomea, akakipata, na programu ikataka kuidhinishwa na watu waliokwishafunga duka lao siku nyingi.

Katibu: Lakini ni yako.

Bilali: Ni yangu.

Katibu: Hakuna wa kuja kukunyang'anya.

Bilali: Hakuna. Na haiimbi.

Rahimu: Mzee Katibu, hiyo ni kama kumiliki kisima cha kwenye picha. Sasa sikia mimi. Hii pikipiki yangu ni ya mkataba, si ndiyo? Napeleka hesabu kwa tajiri kila siku, mwaka na miezi miwili, ukiisha napewa kadi, chombo changu. Wewe broo umelipia miaka mingapi?

Bilali: Mitano.

Rahimu: Kadi iko wapi?

Bilali: Haina kadi.

Rahimu: Kabisa?

Bilali: Hata nilipie mpaka nizeeke.

Rahimu: Basi huo si mkataba. Hiyo ni mahari unayotoa kila mwaka na mke hupewi!

Alicheka peke yake. Bilali alitazama simu yake. Tomasi alikung'uta majivu ya jiko ambayo hayakuwa na haja ya kukung'utwa, na mimi nikamkata Rahimu jicho hadi akameza kicheko chake. Yule kijana ana maneno mengi kuliko akili, na siku nyingine hupatia bila kujua.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, begi mgongoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mkanda umekatika. Alisema anaitwa Hajra, mwalimu, amepangiwa Nandagala, gari lake linaondoka saa kumi na nusu.

Mimi: Kaa, mwalimu. Hapo hapo kwenye benchi. Hawa hawaumi.

Katibu: Karibu sana, mwalimu. Sogea, Bando. Umkalishe mgeni, siyo unajitandaza.

Hajra: Asante, baba. Shikamoo.

Katibu: Marahaba. Tomasi, mpe mwalimu kahawa. Tupo kwenye kikao.

Akakaa, mguu mmoja mtupu ukiwa juu ya kiatu kilichobaki, akapokea kikombe, akasikiliza kwa adabu kama watu wanavyosikiliza hotuba ya msiba wasioujua.

Katibu: Nawaambieni, hata mkorosho wa kukodi una heshima. Msimu ukiisha mti unarudi kwa mwenyewe, lawama hakuna. Lakini korosho ulizookota ni zako, zipo kwenye gunia lako! Hakuna mtu anakuja kulifunga gunia.

Bilali: Korosho zangu mimi nimeziokotea kwenye gunia la mwenye shamba.

Rahimu: Hata bando, mzee. Bando likiisha, meseji zako za zamani si unazisoma?

Katibu: Sasa mimi nina pendekezo. Tuunde chama. Wasanii wote wa Ruangwa na Nachingwea. Nyimbo zisikae kwa kampuni, zipelekwe ghalani, zipewe stakabadhi kama ufuta. Kampuni ikitaka kuzifungia, ije kwenye mnada kama wanunuzi wengine. Bei isipofika, tunagoma. Hatutoi wimbo!

Rahimu: Mzee, nyimbo utaziweka ghala gani?

Katibu: Ghala kavu. Lisilovuja. Kamati itaona.

Rahimu: Mnajidanganya. Hamuwajui hawa jamaa. Mnadhani wanafunga kwa ajili ya hela? Wanafunga wapate muda wa kusikiliza! Miezi kumi na moja nyimbo zetu zipo kwao, wanazichambua taratibu. Ndiyo maana biti za nje siku hizi zina ngoma kama za jandoni. Zile ngoma zilitoka hapa, broo. Kwenye ukuta huu.

Katibu: Hilo linawezekana kabisa.

Rahimu: Tena dawa ndogo. Unarudisha saa ya kompyuta nyuma. Inabaki Julai mosi maisha yote.

Bilali: Nilijaribu mwaka juzi. Inauliza mtandaoni saa ngapi.

Katibu: Inamuuliza nani?

Bilali: Saa ya huko kwao.

Katibu alifikiri. Akinyamaza hivi, ujue mtu mahali fulani atapata shida.

Katibu: Mlinzi wa mnara wa simu pale mlimani ni mtoto wa dada yangu. Nikimwambia azime, atazima. Wilaya nzima tukae bila mtandao. Programu itauliza saa, nani atajibu? Itabaki inasubiri. Bilali atarekodi mpaka tufe.

Rahimu: Weee! Na bando langu?

Katibu: Utajitolea. Maendeleo ni kujitolea.

Hata mwalimu alicheka. Bilali hakucheka, lakini alinyanyua kichwa, na nikaona kwamba katika upuuzi wote ule kuna kitu kimoja alikisikia.

Bilali: Ingekuwa inarudi nyuma kweli, mimi nisingetaka Julai mosi. Ningetaka tarehe kumi na nne ya mwaka ule. Saa moja asubuhi.

Hakuna aliyemuuliza mwaka upi. Tulijua. Mwalimu ndiye hakujua, akanitazama, na mimi nikamsimulia kwa sauti ya chini huku napitisha uzi kwenye mkanda wa kiatu chake.

Nilimwambia kwamba Julai ile, miaka mitatu iliyopita, alikuja binti mmoja, Beatrisi, mtoto wa dada yake Tomasi. Alikuwa akiimba kwaya Nachingwea, lakini wimbo aliouleta hapa haukuwa wa kwaya, aliutunga mwenyewe akipalilia ufuta. Bilali hakumtumia biti ya kawaida. Alimpigia kila kitu kwa mkono, mpaka ngoma alikwenda kuazima, akaikausha kwa moto wa majani hapo hapo uani ili ipandishe sauti. Siku ya kumi na nne Beatrisi aliimba ubeti wa kwanza na kiitikio. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi Dodoma, na mzigo wake ulikuwa umeshapakiwa. Kabla ya ubeti wa pili basi likapiga honi stendi. Sote kijiweni tulisikia honi, kisha tukamsikia yeye akisema kwenye kipaza sauti, "Nitamalizia nikirudi," kisha mlango. Tangu mwaka ule, siku ya mwisho ya Mwezi wa Studio Bilali harekodi mtu. Waje na ufuta, waje na mbuzi, anakataa. Ile siku ni ya Beatrisi. Anaufungua wimbo, anatoka nje, anakaa pale alipokaa.

Mwalimu Hajra aliweka kikombe chini.

Hajra: Samahani kaka. Naweza kuuliza?

Bilali: Uliza, mwalimu.

Hajra: Mdogo wangu anafanya kazi hizi Tanga. Wimbo si unautoa tu? Ukishautoa unakuwa wimbo wa kawaida, unauweka hata kwenye simu. Programu ijifunge isijifunge, wimbo unao.

Rahimu alitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akanitazama mimi.

Rahimu: Subiri kwanza. Wimbo wangu mimi upo humu. Ndio mlio wangu wa simu.

Katibu: Na kaswida ya mke wangu ipo kwenye redio ya flashi. Inapigwa kila Ijumaa.

Rahimu: Ina maana hazijafungwa?

Bilali: Hazijafungwa. Za watu wote nimezitoa. Ni dakika mbili.

Jamani. Miaka mitano tumekaa kwenye benchi lile tukizilia nyimbo za wilaya nzima zilizofungiwa gunia, tumeunda chama, tumetaka kuzima mnara, na nyimbo zote zilikuwa mifukoni mwetu zikilia kila tukipigiwa simu. Nilijisikia mjinga, nikavuta uzi kwa hasira mpaka ukakatika, nikaanza upya.

Katibu: Sasa wewe kijana, ulikuwa unalipia nini?

Bilali: Huo mmoja.

Hajra: Na huo kwa nini hukuutoa?

Bilali alijibu akimtazama Tomasi, siyo mwalimu.

Bilali: Ukiutoa, umekwisha. Ukiwa kule ndani, bado. Nimemwachia nafasi ya ubeti wa pili, ipo pale kwenye kioo, naiona, ya kijivu, tupu, na ngoma inapita chini yake inamngoja. Nikiutoa ile nafasi inakuwa ngoma inayojipigia yenyewe. Atakayesikia atadhani nimekosea.

Sijawahi kumsikia Bilali akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo. Nilimhurumia, nikajikasirikia kwa kumcheka miaka yote ile. Mtu anakodi nyumba kila mwaka ili kitanda kimoja kiendelee kuwa kimetandikwa.

Rahimu: Broo, atakuja tu.

Katibu: Atakuja. Dodoma si mbali siku hizi. Barabara ni lami.

Mimi: Atakuja.

Tulisema hivyo sote watatu, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoitikia dua. Simu ya Bilali ilionyesha saa tisa na dakika arobaini na moja. Mwalimu Hajra alikuwa anatazama mguu wake mtupu, na nilidhani ameridhika. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kusema kwa adabu.

Hajra: Na yeye Beatrisi anajua kwamba anasubiriwa?

Katibu alimtazama Rahimu. Rahimu alinitazama mimi. Mimi nilitazama kiatu. Ni swali ambalo mtoto angeuliza siku ya kwanza, na sisi watu wazima, wenye maoni kuhusu minara na maghala, hatukuwa nalo.

Kisha Bilali akasimama, akaingia studio, akaacha mlango wazi.

Tukausikia. Kwanza ngoma, ile iliyokaushwa kwa moto, kisha sauti ya Beatrisi. Sauti nyembamba, haina madoido, inaimba habari ya jembe na jua na mtu anayepita njiani bila kugeuka. Nilikuwa nimeisikia kila mwaka kupitia ukutani, lakini siku ile niliweka sindano chini. Kiitikio kikaja mara mbili. Honi ya basi ikapiga, mbali, ndani ya wimbo, na Rahimu akageuka kutazama stendi. "Nitamalizia nikirudi." Mlango. Halafu ngoma ikaendelea peke yake, ikapiga ubeti mzima ambao haukuimbwa, na hakuna aliyethubutu kunywa kahawa mpaka ikaisha.

Bilali alikawia ndani. Dakika mbili, nadhani. Nilimalizia mkanda nikamvisha mwalimu kiatu, akanishukuru kwa sauti ya chini kabisa.

Bilali alitoka na flashi kiganjani.

Bilali: Nimeutoa.

Katibu: Pamoja na honi?

Bilali: Na honi, na maneno yake. Sikukata kitu.

Akabaki amesimama mbele ya jiko la Tomasi, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, ameshika kile kijiflashi kama mtu aliyetumwa sehemu na hajaambiwa mlango.

Bilali: Mjomba. Namba yake unayo?

Tomasi: Ninayo.

Bilali: Tangu lini?

Tomasi: Tangu alipoondoka. Ananipigia kila Jumapili, wakitoka misa.

Bilali: Hukuwahi kunipa.

Tomasi: Hukuwahi kuniomba.

Ilisemwa bila ubaya wowote. Tomasi haongei sana, Kiswahili hukitoa kidogo kidogo kama anavyotoa sukari, na kila mara ukidhani amemaliza huwa hajamaliza.

Bilali: Huwa ananiulizia?

Tomasi: Wewe, hapana. Anaulizia studio. Kila Krismasi anakuja Mtua kwa mama yake, siku nne, ndio likizo yake. Ananiuliza, mjomba, studio imefunguliwa? Namwambia, studio ni Julai.

Yarabi. Miaka mitatu. Sisi tunafungua ufuta ukiuzwa, yeye anapewa likizo Krismasi, na katikati kuna mzee mmoja na birika, anajibu kila swali analoulizwa wala haongezi.

Rahimu: Mjomba Tomasi! Kwa nini hukusema?

Tomasi: Nilidhani anajua. Kila siku ananiita mjomba.

Rahimu alitaka kahawa nyingine. Tomasi aliinamisha birika juu ya kikombe chake, likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa. Imekwisha, akasema, akaliweka kando ya jiko, akajifuta mikono kwenye shati, akatoa simu yake ndogo ya kubonyeza na kuanza kutafuta jina. Mwalimu Hajra alikuwa ameshasimama na begi lake, lakini hakuondoka.

Tomasi: Sifuri. Saba. Andika.

Kengele ya simu ya Bilali ikaanza kulia juu ya benchi. Ilikuwa saa kumi. Hakuigusa. Alichukua kalamu kwenye kisanduku changu cha viatu, akakunja mkono wa shati, na kila Tomasi aliposoma tarakimu moja, taratibu, Bilali akaiandika kwenye ngozi yake.